Chuo kidogo si maprofesa wadogo
Hapana ndugu, hiyo ya kusema maprofesa wa vyuo vidogo wanafundisha tu hawana kazi za maana siikubali kabisa. Angalia Bard College kule New York, chuo kidogo tu, lakini Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, alifundisha pale tangu 1990 karibu miaka 20, tena alifika akiwa kwenye wilchea baada ya ajali ya gari iliyompata Nigeria, na 2007 akachukua tuzo ya fasihi ya Man Booker International akiwa bado hapo hapo. Joan Tower naye, profesa wa muziki hapo Bard, mwanamke wa kwanza kushinda tuzo ya Grawemeyer ya utunzi wa muziki, 1990. Halafu mwandishi wetu wa Kenya, Binyavanga Wainaina, aliongoza kituo cha fasihi ya Kiafrika chenye jina la Achebe palepale, mimi hilo linanigusa sana.