Mwanangu, siku ya 28 mi nilikuwa sijapona

Marahaba mwanangu, hapa Tanga wote wazima. Voisi zako nne nimezisikiliza, ile ya tatu mara mbili maana ulikuwa kwenye daladala na konda anapiga kelele. Kama nimekuelewa, mnaandika pendekezo la jaribio la tiba ya sepsisi, yale maambukizi yanayoufanya mwili ujidhuru wenyewe mpaka viungo vinashindwa kazi, kwa watu wazima, bosi wako anataka kipimo kikuu kiwe wangapi wamekufa ndani ya siku 28, we unataka mpime na waliobaki wamepona vipi, mmebishana, na ndo ukaniuliza, "Mama, we siku ya 28 ulikuwa umepona? Na ungekuwa wewe ungetaka wapime nini?"

Nilicheka kwanza. Alafu nikaenda kutoa kile kikadi changu cha hospitali kwenye mkoba wa picha, nikakaa na kalenda nikahesabu. Nililazwa tarehe 3 Machi 2022 na sepsisi, imetokana na ile UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, niliyoipuuza wiki nzima, muuguzi mzima nimestaafu na miaka 31 ya kazi najidanganya ni uchovu, mpaka nikaanza kuongea maneno hayaeleweki ndo mkanibeba. Siku ya 28 inaangukia 31 Machi. Nilikuwa nyumbani tangu tarehe 17. Kwahiyo kwenye hesabu ya bosi wako mi ni ushindi, nimewekwa tiki, tumemalizana.

Sasa ngoja nikwambie huyo wa tiki alikuwaje siku hiyo, maana we ulikuwa umesharudi Dar na kwenye simu nilikuwa nakuficha.

Asubuhi wifi yako aliniamsha akanikuta nimelowa. Akatoa shuka bila kusema neno, akanikalisha uani kwenye kigoda, akaniogesha kama anavyomwogesha mwanae. Akanipa kanga nijifunge. Nikashindwa. Nguvu za vidole sikuwa nazo kweli, lakini sio hilo, nilisahau lile pindo linaingia wapi. Nimeshika ncha mbili za kanga naziangalia tu kama mtu kapewa kamba asijue ya kufungia nini. Na kanga nimevaa maisha yangu yote. Wifi yako akaona, akanifunga, akajifanya anamwita mtoto ili nisimwone anavyojifuta macho. Usiku ndo nilikuwa naona paka darini, walewale niliokuwa nawaona ICU, chumba cha mahututi, kila nikifumba macho wapo. Hilo sijawahi kukwambia.

Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimepelekwa kliniki. Daktari kijana, mstaarabu kabisa, kapima joto, kapima presha, katazama majibu ya figo, afu akauliza, "Mama, unaendeleaje?" Nikajibu, "Sijambo, namshukuru Mungu." Akaandika anaendelea vizuri. Kadi ninayo hapa mkononi. Na simlaumu hata kidogo, nimemjibu mwenyewe kwa mdomo wangu.

Hapo ndo pa kupaangalia mwanangu kabla hujagusa hesabu zako zote. Kwetu mtu akikuuliza unaendeleaje amekusalimia, hajakuuliza. Mtu yupo mahututi anaambiwa hujambo, anaitikia sijambo, afu ndo anaendelea "ila mgongo huu, sijui nifanyeje." Ile "ila" ndo jibu lenyewe. Mkimtuma kijana na tableti anapita nyumba kwa nyumba anauliza kisalamu, anabonyeza kitufe kwenye neno la kwanza, mtaambulia nchi nzima sijambo. Mi nimeuguza watu miaka yote hiyo, nilijifunza kukaa kimya baada ya "namshukuru Mungu", nahesabu moyoni mpaka tano, na mara nyingi kabla sijafika tano inakuja.

Haya, usije ukaenda kumwambia bosi wako mama kasema siku 28 ni upuuzi. Sijasema hivo. Kifo hakina salamu, hakina tafsiri, na sisi wa mkoa huu tuna sababu ya kukiheshimu kwenye hesabu. Unaukumbuka utafiti wa FEAST, ulipitia na hapa Muheza kwetu, Kenya na Uganda pia, watoto zaidi ya 3,100 wenye homa kali na dalili za shoku, yani damu haifiki vizuri viungoni, majibu yakatoka 2011. Kila mtu, na mi nikiwemo, tuliamini mtoto wa namna hiyo unamkimbizia maji ya dripu mengi ya haraka. Na ukimkimbizia kweli unaona mikono inapata joto, mapigo yanatulia, moyo wako unafurahi. Wakaja kuhesabu vifo vya saa 48, waliopewa maji ya haraka walikufa kama 10.5 katika 100, wasiopewa 7.3. Yani dalili zilikuwa zinapendeza huku watoto wanakufa zaidi. Sitasahau siku tuliyosomewa yale majibu, hakuna aliyeongea, kila mtu anawakumbuka wa kwake. Na Lusaka, ule utafiti wa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini uliochapishwa 2017, wengi wao wana VVU, ikawa hivohivo, kundi la maji mengi na dawa za kupandisha presha walikufa hospitalini 48 katika 100, wenzao wa matibabu ya kawaida 33. Wangepima presha tu wangesherehekea.

Kwahiyo vifo mhesabu. Ninachokataa ni kufunga daftari hapohapo. Tena hao wa FEAST hawakufunga, waliwafuata watoto mpaka wiki ya 4 kuangalia kama ubongo umebaki salama, na wale wenye shida wakafuatwa tena wiki ya 24. Miaka ya 2009 mpaka 2011, kwenye wilaya zetu hizihizi zenye barabara za vumbi. Ukiambiwa haiwezekani, wakumbushe.

Ya kanga nilidhani ni mimi peke yangu, uzee. Kumbe Wamarekani waliwafuatilia wazee wao miaka, kabla na baada ya sepsisi, ikatoka 2010: wenye uwezo wa akili uliopungua kwa kiasi cha kati au kikubwa walikuwa 6.1 katika 100 kabla ya kuugua, baada yake 16.7. Na waliokuwa wanajitegemea kila kitu, wakatoka kwa wastani na kazi moja na nusu hivi wasizoweza tena, kuoga, kuvaa, kushika hesabu ya hela. We ndo ulinitumia hiyo karatasi, nikaisoma usiku mmoja, nikajisikia afadhali kuliko dawa yoyote niliyomeza.

Sasa madodoso. Umesema mnalinganisha mawili. Lile fupi la EQ-5D, la maswali matano, kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, wasiwasi na huzuni, afu kile kipimo kama cha joto kutoka 0 mpaka 100, mi nalipenda kwa ufupi wake maana mgonjwa hachoki. Ila "shughuli zako za kawaida", mwanangu, ukimuuliza bibi wa Pongwe atakuuliza zipi, za kabla sijaugua au za sa hivi? Maana mtu anazoea. Mwezi wa sita ungeniuliza mi ningekujibu sina tatizo, kwasababu shughuli zangu za kawaida zilikuwa zimeshakuwa kukaa barazani na kuchambua mchicha. Nimepungua, na kipimo changu kimepungua na mimi, tunaenda sawa, kwenye fomu naonekana mzima!

Lile refu, SF-36, ndo limenivunja mbavu. Swali la shughuli za wastani, mfano kusogeza meza, kusukuma mashine ya kufyonza vumbi, au kucheza gofu. Gofu! Nimemsomea shangazi yako, kasema mwambie gofu sikuwahi kuweza hata kabla ya ugonjwa. Najua mtatafsiri na kubadilisha mifano, wenzenu wameshafanya, lakini usibadilishe neno tu, badilisha mwili unaoulizwa. Mwili wa kwetu unapimwa kwa kuchuchumaa. Choo cha shimo, kufua, kuosha vyombo uani, kukaa kwenye mbuzi kukuna nazi, kusujudu. Mtu anatembea vizuri barazani afu hawezi kuchuchumaa, huyo hajitegemei, anasubiri mtu.

La waliokufa umeniuliza mwenyewe, wao wanajaza nini. Hapo mi sio mtakwimu ila akili ya kawaida inaniambia ukiwauliza waliobaki tu utadanganywa. Chukua dawa inayookoa watu dhaifu sana, hao dhaifu wanabaki hai wanajaza fomu mbaya, kundi lile lingine lisilopewa dawa, dhaifu wao wameshazikwa, wamebaki wenye nguvu wanajaza fomu nzuri. Utasema dawa inaharibu watu. Lazima aliyekufa awe na namba yake, ya chini kuliko wote, kama tafiti nyingine zinavyofanya kwenye kuhesabu siku mtu anazokaa hai bila mashine za kusaidia viungo, aliyekufa anapewa -1. Sijui bosi wako ataafiki, ila mpelekee. Na wasiopokea simu msiwafute kimyakimya, aghalabu asiyepokea ndo mgonjwa zaidi, au simu imeuzwa kulipia dawa.

Hicho kipimo kipya ulichokisifia, siku ambazo mtu yupo hai na yupo nyumbani, ndani ya siku 90, kwa Ulaya nadhani ni kizuri. Kwetu naomba ukiangalie vizuri. Sisi mtu anarudi nyumbani kwasababu amepona, au kwasababu hela imeisha, au kwasababu daktari kamwita mjomba pembeni kamwambia mpelekeni tu. Wote watatu wapo nyumbani. Mi siku zangu za nyumbani mpaka kufika tarehe 1 Juni zilikuwa 76, alama nzuri sana hiyo, na wifi yako kwa siku hizo 76 alikuwa kafunga genge lake la mbogamboga. Nani anamhesabu yeye? Kama mnaweza kuongeza swali moja tu, ongezeni la nani ameacha kazi kumwangalia mgonjwa, na kwa siku ngapi.

Alafu msisahau kuuliza alikuwaje kabla. Najua mgonjwa kaletwa hajitambui, mtamuuliza nani, mtamuuliza ndugu. Sawa, lakini ndugu gani. Kaka yako angeulizwa angesema mama alikuwa mzima kabisa, anaendesha baiskeli, yeye anakuja Idi na Idi. Wifi yako angewaambia magoti yameanza kuniuma tangu mwaka juzi. Muulizeni anayelala naye nyumba moja.

Usitegemee pia kwamba mkipima kupona ndo mtapata jibu tamu. Wajerumani walifanya, majibu yakatoka 2016, watu 291 waliotoka ICU na sepsisi, nusu wakapewa manesi wa kuwafuatilia na madaktari wao wa karibu wakafundishwa, kipimo kikuu hali ya akili na moyo kwa miezi sita, kwa hilohilo SF-36. Haikuonekana tofauti. Mi nilivyosoma nikajiuliza, hivi hawa watu walikuwa wanataka nini wenyewe? Inawezekana mmoja alitaka kurudi kuendesha gari, mwingine alitaka aweze kumshika mjukuu bila kumwangusha, na vyote vimetumbukizwa kwenye namba moja ya jumla.

Haya swali lako la mwisho. Ningetaka mnipime nini. Ningetaka mtu aniulize siku natoka hospitali, au akishindwa hapo basi wiki ile ya kwanza nyumbani, "Mama, kitu gani ukiweza kukifanya mwenyewe utasema nimepona?" aandike kwa maneno yangu, afu arudi mwezi wa tatu na wa sita aniulize kile kile. Mi ningemwambia kusujudu. Ramadhani ile ilianza siku chache tu baada ya hiyo siku yenu ya 28, sikufunga hata moja, nikasali kwenye kiti mwezi mzima, Idi imefika nasali kwenye kiti, watu wanapita wananipa pole. Nilikuwa najaribu chumbani mlango nimefunga, nashuka vizuri, kuinuka ndo hamna, nabaki pale chini paji la uso kwenye mkeka nasubiri mtu aje, naona aibu kuita. Ilikuwa Agosti, alfajiri, sikumbuki tarehe na inaniuma kwamba sikumbuki, nikashuka nikainuka, rakaa ya pili nikainuka tena. Sikumwambia mtu. Nilienda jikoni nikatoa mbuzi nikakuna nazi nzima, mkono unatetemeka, nusu ya machicha yamemwagika chini, wifi yako kaamka kanikuta kasema "Mama!" kwa sauti mpaka mtoto akaamka.

Miezi mitano na kitu hiyo. Mpelekee bosi wako.

Na hiyo fomu mkishaitafsiri msiipeleke kuchapwa kwanza. Nitumie kwa WhatsApp, nitamsomea shangazi yako na mama Zuhura wa jirani, nitawaangalia nyuso. Shangazi akicheka kwenye swali lolote nakupigia palepale, na wakinyamaza wote wawili pia nakupigia.

Mama yako.