Hasira hiyo si ya sukari

Pole sana kakangu. Umesema hujalia tangu mzee afariki mwaka juzi na sasa unamfokea mkeo hata chai ikikosa sukari. Wallahi hasira hiyo si ya sukari. Matangani uliambiwa jikaze wewe mwanamume, ukajikaza, ukahudumia wageni, siku tatu zikaisha kila mtu akaenda kwake, wewe ukabaki na donge kooni. Mimi langu lilitoka nikiwa kwenye feri ya Likoni, mtu kanipita tu ananukia udi kama wa marehemu mamangu, nikalia mpaka ng'ambo na hakuna aliyeniuliza, feri kila mtu ana haraka zake.

Jaribu daftari. Dakika 15 usiku, siku 4 mfululizo, andika yanayokuuma bila kujali hati, ukimaliza chana ukitaka. Mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, alianza kuijaribu njia hii miaka ya 80. Mwanzo waweza kuhisi vibaya zaidi, usishtuke. Lakini ukianza kuwaza kujidhuru usingoje daftari, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na mkeo mwambie, maskini huenda anadhani umemchoka.