Majilio Niliyokaukiwa na Sauti

Mwaka 2022 Dominika ya kwanza ya Majilio, kipindi cha kuisubiri Noeli, iliangukia tarehe 27 Novemba, na kwa kuwa Noeli yenyewe ilikuwa Jumapili, tulipata Majilio marefu kuliko yote yanayowezekana: siku 28 kamili. Nilizianza siku hizo nikiwa sina nafasi hata ya moja. Mimi ni mwimbaji wa sauti ya tatu katika kwaya ya parokia yetu, na wakati huo nilikuwa pia mweka hazina. Aliyewahi kuimba kwaya anaijua Desemba ya wanakwaya: mazoezi kila jioni, nyimbo mpya za mkesha, michango ya sare, na fundi cherehani anayeahidi Jumatano bila kusema ni Jumatano ipi. Kanisa huvaa zambarau, huacha kuimba wimbo wa Utukufu siku za Dominika, na huagiza kinanda na vyombo vingine vya muziki vitumike kwa kiasi, ili waamini wasubiri kweli. Sisi tunaohudumia ibada hiyo hiyo tunakuwa tumeshafika Bethlehemu tangu katikati ya Novemba.

Katika wiki ya pili sauti ilinikauka. Zahanati walinipa dawa na kuniagiza ninyamaze kwa muda wa wiki mbili, agizo ambalo nililipokea kwa hasira, kana kwamba mkesha mzima ulitegemea koo langu. Jumapili ya tarehe 11 Desemba nikakaa kwenye benchi pamoja na waamini wengine, bila kitabu wala karatasi mkononi, na hapo nikagundua jambo la aibu: kwa miaka mingi nilikuwa sijasikiliza masomo ya Misa. Kwayani, somo la kwanza linaposomwa unatafuta ukurasa wa wimbo wa katikati. La pili linaposomwa mwalimu anaonyesha kwa vidole namba ya shangilio. Na Injili ikifika, mtu wa nyuma anakupitishia nakala ya wimbo wa matoleo huku akinong'ona kwamba funguo imebadilishwa. Nilikuwa nikimwimbia Mungu kila wiki bila kumpa nafasi ya kusema.

Injili ya siku hiyo ilimhusu Yohane Mbatizaji akiwa gerezani, anapowatuma wanafunzi wake wakamwulize Yesu: "Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Nawaomba wanaosema kwamba wamesali Majilio mazima bila kusikia lolote wakae na swali hilo, kwa sababu aliyeliuliza ndiye aliyemtambulisha Mwanakondoo kwa macho ya watu, na bado gizani alihitaji kuuliza. Tena hakujibiwa kwa ndiyo wala kwa hapana. Wanafunzi wake waliambiwa wamweleze yanayosikika na kuonekana: vipofu wanaona, viwete wanakwenda, maskini wanahubiriwa habari njema. Ukimya wa Mungu si lazima uwe adhabu ya dhambi uliyoisahau, ingawa wapo wahubiri wanaopenda kutuambia hivyo.

Dominika ya nne, tarehe 18, nilikwenda kanisani nikiwa na orodha ya wadaiwa wa sare katika mfuko wa shati. Tulikuwa tumekubaliana kwamba majina yatasomwa baada ya Misa, mbele ya kwaya nzima, na kwa kuwa sikuwa na sauti, katibu angesoma kwa niaba yangu. Jina la juu kabisa lilikuwa la mama mmoja wa sauti ya pili ambaye hakuwa amelipa hata shilingi. Kisha padre akasoma habari ya Yosefu, kwamba kwa vile alivyokuwa mtu wa haki, "asitake kumwaibisha", aliazimu kumwacha Maria kwa siri. Sikusikia ngurumo wala sikutokwa machozi. Nilichohisi ni ile karatasi, ikinigusa kifuani kama kitu chenye uzito.

Nilibishana na neno hilo, nakiri. Nilijiambia kwamba kanuni ni kanuni, kwamba Yosefu hakuwa mweka hazina wa kwaya, na kwamba haya ni mawazo yangu tu yanayojivika joho. Hata hivyo orodha sikuitoa. Nilimwonyesha katibu kwa ishara kwamba nimeisahau nyumbani, na huo ulikuwa uongo. Jumatatu neno likarudi nikiwa kwenye daladala, Jumanne likarudi tena. Jumatano nikamwendea katekista mstaafu wa kigango chetu, nikamweleza kwa kunong'ona, naye akaniuliza swali moja: "Hilo neno linakudai wewe, au linamdai yule mama?"

Tangu siku hiyo hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, nami nakitoa kama kilivyo. Kila nilipoamini kwamba Mungu ananisemesha kuhusu makosa ya mtu mwingine, baadaye niligundua kwamba msemaji nilikuwa mimi. Kipimo cha pili ni kurudi: hamaki hupoa kufikia jioni, lakini neno la namna hii hurudi bila kelele, tena hurudi likisema lile lile. Na ni vyema uwe na mtu wa kumwambia. Samweli aliitwa usiku akamkimbilia kuhani mzee Eli mara tatu, akidhani ni yeye anayemwita, na bila yule mzee kumwelekeza angeendelea kukimbia hadi alfajiri.

Alhamisi nilikwenda kwa yule mama. Nilimkuta barazani akichagua mchele kwenye ungo. Njiani nilikuwa nimepanga hotuba, lakini kwa koo lile yalitoka maneno kama manne, kisha nikanyamaza. Alizungumza yeye, kwa muda mrefu, kuhusu mambo mengine kabisa: mvua, bei ya mchele, mwanawe aliyemaliza darasa la saba. Mwishoni alifungua fundo la pindo la kanga akatoa elfu tano, nami nikaiandika. Sababu ya deni hakunieleza, na sikuweza kumwuliza. Nadhani kama ningekuwa na sauti yangu ningeharibu kila kitu.

Siku hizi, katika Majilio, nasoma Injili ya siku kabla ya kushika simu, nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, maana ndipo mahali pekee nyumbani kwetu ambapo hakuna mtu saa kumi na moja alfajiri. Naisoma mara mbili, polepole, naandika mstari mmoja uliokataa kupita, kisha nakaa kimya kwa muda wa kuchemsha chai. Kuanzia tarehe 17 hadi 23 naongeza jioni zile antifona, yaani viitikio vifupi, za Masifu (sala ya Kanisa ya jioni) zinazoanza kwa "Ee", ya kwanza ikiwa "Ee Hekima", kwa sababu ni fupi na hazinidai hisia nisizo nazo. Asubuhi nyingi siandiki kitu chochote zaidi ya tarehe.

Kwaya nayo nimeiomba itenge Jumamosi moja ya Majilio tukae na masomo ya Dominika bila kuimba hata noti moja. Wengi wamekubali. Mwalimu wa kwaya anasema bado analitafakari.