Asidi mbili zenye m/z 281: kutafuta bondi maradufu kwa ozoni

SWALI: Ninachambua asidi za mafuta ya alizeti kwa spektrometa ya masi (kifaa cha kupima uzito wa ayoni) yenye mtego wa ayoni. Asidi ya oleiki na ile ya cis-vakseniki zote hunipa ayoni hasi ya m/z 281 (m/z ni masi ya ayoni ikigawanywa kwa chaji yake), na nikizivunja kwa kuzigonganisha na heliamu sioni tofauti yoyote. Nimesikia kuwa ozoni huweza kuzitofautisha. Hufanyaje kazi, na jibu lake linaaminika kiasi gani? (Mwanafunzi wa uzamili, kemia)

JIBU: Kifaa chako hakina kasoro. Asidi hizo zina fomula moja, C18H34O2, na hutofautiana kwa jambo moja tu: ukihesabu kutoka upande wa asidi, bondi maradufu ya oleiki iko kati ya kaboni ya 9 na ya 10, ilhali ya vakseniki iko kati ya kaboni ya 11 na ya 12. Ayoni inapogongana na gesi isiyomenyuka, nishati inayoingia husambaa katika molekuli nzima kabla ya chochote kukatika, na hatimaye hukatika pale palipo dhaifu zaidi. Kwa ayoni hizi, pale ni kwenye kichwa chenye chaji, ambako hutoka maji au kaboni dioksaidi, na mkia wenye bondi unayoitafuta hubaki mzima. Kuzichaji kwa mwale wa elektroni nako hakusaidii, kwa sababu bondi maradufu huhamahama kwenye mnyororo kabla haujavunjika.

Mmenyuko wa ayoni ndani ya gesi hufuata njia nyingine. Ayoni huachwa ikutane na molekuli inayoshambulia kundi moja mahususi, kisha tukasoma kilichobaki. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1966 wanakemia Munson na Field walieleza namna ya kuchaji sampuli kwa kuimenyusha na ayoni zitokanazo na gesi ya methani. Kwa upande wa bondi maradufu, kundi la Stephen Blanksby katika Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, lilichapisha mwaka 2008 njia ya kuingiza ozoni ndani ya mtego wa ayoni, na ndiyo uliyoisikia.

Katika mtego, unabakiza ayoni za m/z 281 peke yake na kuzishikilia huku heliamu ikiwa imechanganywa na ozoni. Ozoni hujipachika kwenye bondi maradufu na kufanya ozonidi, ambayo hupasuka mara moja mahali hapohapo. Kipande kinachobaki na chaji huonekana kwa sura mbili: aldehidi, na kipande kingine chenye oksijeni moja zaidi ambacho wanakemia hukiita ayoni ya Criegee. Kwa oleiki, aldehidi huwa na kaboni 9 na kutokea kwenye m/z 171, na mwenzake kwenye 187. Kwa vakseniki, kaboni zinazobaki ni 11, kwa hiyo kwenye grafu utaviona vilele vya 199 na 215. Pengo la 16 kati ya vilele viwili ndilo alama ya kwanza ya kutafuta. Kilele kilicho peke yake, mimi sikikubali kuwa ushahidi wa bondi maradufu.

Je, jibu linaaminika? Kuhusu mahali pa bondi, ndiyo, ilimradi uwe na hakika ni ayoni ipi uliyoifungia mtegoni. Alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki kwa wingi, nayo hutokea kwenye m/z 279. Takriban asilimia 2 ya ayoni zake huwa nzito kwa vizio viwili vya masi, hasa kwa sababu ya kaboni-13 (atomu ya kaboni iliyo nzito kwa kizio kimoja kuliko ya kawaida), na hizo huangukia 281 pamoja na oleiki yako. Bondi yake ya kaboni ya 12 ikikatwa na ozoni, sehemu ya vipande hivyo hutokea kwenye 213, ambapo ndipo hasa pangetokea aldehidi ya asidi yenye bondi moja kwenye kaboni ya 12. Mtu asiyejua atatangaza isomeri ya tatu (asidi nyingine yenye fomula ileile) ambayo haimo kwenye mafuta. Tazama 212: kaboni-13 mbili hazibaki zote upande mmoja kila mara, kwa hiyo kilele cha linoleiki huambatana na jirani wa 212 anayekaribia kulingana naye, jambo ambalo isomeri halisi haifanyi. Dawa iliyo bora zaidi ni kuzitenganisha asidi kwa kromatografia kabla hazijafika kwenye spektrometa.

Kuhusu kiasi, kuwa mwangalifu zaidi. Kasi ya mmenyuko hubadilika kufuatana na idadi ya bondi maradufu na aina ya chaji, hivyo urefu wa vilele hauwi uwiano wa asidi mpaka utengeneze mchanganyiko wa kulinganishia kwa sampuli safi za zote mbili, na kuupima kwa muda uleule wa kuzishikilia ayoni.

Usianze kufunga mabomba bila msimamizi wako. Ozoni hudhuru mapafu: nchini Marekani kikomo kazini ni sehemu 0.1 kwa milioni kwa wastani wa saa nane. Hula mpira wa asili, kwa hiyo njia yake yote iwe ya chuma cha pua au Tefloni, na gesi inayotoka ipitishwe kwenye kiteketezi cha ozoni.

Kama maabara yenu haina jenereta ya ozoni, geuza asidi kuwa esta za methili, uzimenyushe na dimethili disulfidi kwa kichocheo cha ayodini, kisha uzipitishe kwenye kromatografia ya gesi yenye spektrometa ya masi. Huo ni mmenyuko wa kwenye chupa, lakini hujibu swali lilelile: oleiki hutoa vilele vya 173 na 217, na vakseniki hutoa 145 na 245. Ningekushauri uanze na huo hata kama ozoni ipo, ili spektra ya kwanza ya ozoni uisome ukiwa na cha kuilinganisha nacho.