Usiukimbilie ubao mfupi: niliyojifunza kwenye mawimbi ya Bagamoyo

Kila kaskazi inapokaribia kuanza, vijana wawili watatu wanaojifunza kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao hunifuata ufukweni na swali lile lile: "Kaka, ubao mrefu nimeshauweza. Sasa ninunue mfupi wa futi ngapi?" Nawajibu wasinunue bado, na naona nyuso zinavyonywea. Naandika haya kwa ajili yao, maana mimi nilinunua, na msimu karibu mzima ukanipotea.

Nilijifunzia ubao wa futi 9. Baada ya miezi saba nilikuwa nasimama karibu kila wimbi nililolikimbiza, nikaamini nimehitimu. Mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao akaniuzia ubao wa futi 5 na inchi 10, mwembamba, omo yake, yaani ncha ya mbele, imechongoka. Niliupenda tangu nilipoutia kwapani. Siku ya kwanza nilipoulalia, ulizama chini yangu mpaka maji yakanifika kifuani. Nikapiga mikono kwa nguvu zangu zote, wimbi likapita. La pili likapita. Jua lilitua sijasimama hata mara moja, na wiki zilizofuata hazikuwa na tofauti kubwa.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa akinitazama huku anashona jarife lake. Nilipotoka majini nikamwamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Chombo chako hicho kinataka bahari ya nje. Hapa tuko ndani."

Hakuongeza neno, na hakuhitaji kuongeza. Mbele yetu kimelala kisiwa cha Unguja, na mawimbi makubwa ya Bahari ya Hindi yanaishia upande wake wa mashariki. Haya tunayoyapanda sisi yanazaliwa na upepo humu humu kwenye mkondo wa bahari kati ya Unguja na bara. Yanafuatana kwa karibu, sekunde 5 au 6 tu, wakati yale yaliyosafiri kutoka mbali huachana sekunde 10 na zaidi. Yetu hayana uzito nyuma yake, na ufukwe wetu wenye kina kifupi unayachosha kabla hayajasimama wima. Ubao mfupi unaishi kwa nguvu ya wimbi: lisipokusukuma, huendi. Ubao mrefu unaelea na kuteleza wenyewe, kwa hiyo unalidaka wimbi likiwa bado ni mgongo mpole, kabla halijavunjika.

Ndiyo maana nasema futi si kipimo cha kwanza. Kipimo cha kwanza ni lita, yaani ujazo wa ubao, ambao mara nyingi huandikwa upande wa chini. Ubao wangu wa futi 9 ulikuwa na lita 68. Ule mfupi ulikuwa na lita 27, na mimi nina kilo 74. Nilijinyang'anya zaidi ya nusu ya ueleaji kwa siku moja, halafu nikashangaa mikono haitoshi! Ningeshuka kwa ngazi: kwanza futi 7 na nusu, lita 50 hivi, nikae hapo mpaka niuchoke, ndipo niteremke tena. Nilipokuja kuazima ubao wa namna hiyo, nilidaka mawimbi tangu jioni ya kwanza.

Utajuaje umefika wakati wa kushuka? Kusimama si dalili. Dalili ni kugeuza. Mwaka 1966, Nat Young wa Australia alitwaa ubingwa wa dunia kule San Diego kwa ubao wa futi 9 na inchi 4, na alisifiwa kwa jinsi alivyoukata kona. Kama bado unakwenda moja kwa moja mpaka mchangani, ubao wako mrefu haujamaliza kukufundisha. Rudisha mguu wa nyuma hadi tezi, yaani mwisho wa ubao, juu ya mapezi yaliyo chini yake, geuza kichwa na mabega kule unakotaka kwenda, uone kama ubao unafuata. Ukiweza kulipanda wimbi kwa mshazari, kushoto na kulia, basi tuzungumze.

Kuna zoezi moja ninalolithamini kuliko yote, na Bagamoyo inatufaa kwalo kuliko pwani nyingi. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, yanapojaa na kupwa sana, bahari inatuachia uwanja mpana wa mchanga mgumu. Chukua kijiti, chora ubao wa futi 6, lala ndani ya mchoro, kisha ruka usimame kwa mkupuo mmoja, bila kupitia magotini. Tazama nyayo zako. Mguu ukitua nje ya mstari, ndani ya maji ungekuwa umeanguka. Nilifanya hivyo mara 30 kila siku kwa mwezi mzima, na hakuna kilichonisaidia zaidi.

Mambo mengine ni machache. Usikae pale ulipozoea kulisubiri wimbi kwa ubao mrefu; sogea karibu na linapovunjikia. Kamba ya mguuni, inayokufunga na ubao, isiwe fupi kuliko ubao. Burura miguu unapoingia, kwa sababu ya samaki taa, wale wenye mwiba, waliojifukia mchangani. Na ngalawa zinaporudi na samaki, wapishe. Hao wanatoka kazini, sisi tunacheza.

Ubao wangu mfupi sijauuza. Huvuka nao kwenda mashariki ya Unguja, nje ya mwamba, na huko unakwenda kama ulivyotengenezwa kwenda. Hapa nyumbani natumia wa futi 7. Ukinikuta jioni maji yanajaa na upepo umekaza, niombe uujaribu kabla hujatoa pesa yako. Nitakaa mchangani nikuangalie miguu.