Msimlipe huyo fundi kabla kuni hazijapanda mizani

Simamisheni hiyo kazi kwanza. Ndugu wa Kisumu umeuliza mambo manne: kama jiko la mawe na udongo lenye ukuta wa futi moja na nusu litafaa kupikia futari ya watu mia tatu pale msikitini, kama bomba la moshi ni la lazima, sufuria za aina gani mnunue, na kama biogesi ingekuwa nafuu. Nimesoma hilo la kwanza nikashindwa kunyamaza. Jiko hilohilo, kwa maneno yaleyale ya fundi, tulijengewa sisi hapa Mumias, na mimi ni mmoja wa akina mama tunaopika.

Fundi wenu amewaambia ukuta mnene hutunza joto. Kweli, hulitunza, na joto lililotunzwa ukutani halimo ndani ya sufuria. Mawe na udongo mzito hunywa joto jingi kabla ya kukupa wewe chochote. Pengine mwenye hoteli anayepika tangu alfajiri hadi usiku hatalihisi sana, maana ukuta wake ukishapata moto unabaki hivyo. Sisi tunapika futari mara moja kwa siku. Jiko limelala baridi tangu jana, tunaliwasha baada ya adhuhuri, na huku karibu na ikweta maghribi haina mchezo: mwaka mzima ni kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro. Basi muda wote wa mwanzo, kuni zinapasha ukuta. Uji haujatoa hata povu, na watoto wa madrasa wameegemeza migongo yao jikoni wanaota joto kwa sababu mvua imenyesha. Watu wakitoka tarawehe, ukigusa ukuta bado una moto. Chakula kimeliwa, vyombo vimeoshwa, na kuni tulizonunua kwa sadaka ya watu zinaendelea kupasha mawe usiku kucha.

Pikapu ya kuni iliyokuwa itutoshe wiki tatu haikufika mbili. Tukaambiwa akina mama ndio tunaochochea vibaya! Fundi aliyesema hivyo hajawahi kusonga ugali wa watu mia tatu na saumu yake. Na wazee wa kamati waliokubaliana naye hawakutuuliza lolote kabla ya kutoa pesa, walituita siku ya kufungua jiko ili tupike. Ninasema hivi bila kuogopa: pesa ya msikiti ni amana. Anayeichukua kwa kazi asiyoijua amewadhulumu waliotoa, awe anasali safu ya kwanza au ya mwisho.

Wala si jambo jipya, ndiyo maana linaniuma. Guatemala miaka ya 1970 walieneza jiko la mchanga na udongo, linaitwa Lorena, zuri kwa macho na lenye ukuta mnene vilevile. Lilipokuja kupimwa, mara nyingi lilikula kuni sawa na mawe matatu, au kuzidi. Kutokana na hayo, Larry Winiarski wa kituo cha Aprovecho huko Oregon, Marekani, akatengeneza jiko la roketi miaka ya 1980: mlango mdogo wa kuni, hewa inapita chini ya kuni, chemba nyembamba ya moto inayopanda juu, na kuizunguka chemba hiyo kitu chepesi kisichonywa joto. Fundi anayejenga majiko ya taasisi leo anapaswa kulijua hilo.

Najua mtu atasema mbona jiko la Upesi, lile dogo la kuni la nyumbani, hujengewa udongo na linasaidia? Linasaidia kweli, na akina mama wafinyanzi wa huko kwenu Kisumu wanalitengeneza vizuri. Lakini kazi inafanywa na ile chemba ya udongo uliochomwa, yenye mlango mdogo, inayobana moto na kuweka chungu karibu na ndimi zake. Udongo wa nje unaishikilia isitikisike. Ukitoa chemba ukabaki na udongo peke yake, umejenga mawe matatu ukayavisha kanzu.

Kinachofaa kuzunguka moto ni kitu chenye matundu ya hewa ndani yake. Jivu la kuni lililochekechwa linafaa. Bora zaidi ni matofali mepesi: unachanganya udongo na maganda ya mpunga, na nyinyi mko karibu na Ahero ambako maganda hayo yanarundikwa, kisha ukiyachoma tanuruni maganda yanaungua na kuacha vitundu. Tofali hilo ukilinyanyua unashangaa wepesi wake.

Sufuria iende kwa fundi kabla ya tofali la kwanza. Ya kwetu ililetwa mwisho, ikakaa upande: kushoto ngumi inapita, kulia imegusa ukuta, na moto wote ukapandia kushoto ukaenda zake juu. Inatakiwa izame ndani ya jiko karibu yote, na kati yake na ukuta pabaki upana wa kidole kimoja, kuzunguka pande zote. Bomba wekeni, macho ya wapishi si ya kuchezea.

Sasa kuhusu malipo, hapa ndipo ninapowasihi. Andikianeni na fundi kwamba fungu kubwa la mwisho halitoki mpaka jiko lipimwe mbele ya wapishi. Jazeni lita 100 za maji kwenye sufuria yenu, jiko likiwa baridi kabisa, mfuniko juu. Azimeni mizani ya gunia kwa muuza mahindi, pimeni kuni kavu kabla, na zilizobaki baada ya maji kuchemka. Kuchemsha maji hayo kunahitaji joto lililomo katika kilo 2 hivi tu za kuni kavu. Kinachozidi hapo kimepotea njiani. Mawe matatu huweza kula kilo 15 hadi 20. Jiko zuri la taasisi hula kilo 5 au 6. La fundi wenu likila 12, abomoe. Na kuni ziwe kavu kweli, mkaratusi uliokatwa juzi karibu nusu ya uzito wake ni maji, na atapata kisingizio.

Msikubali maneno ya moto unawaka vizuri au moshi umepungua. Jiko letu lilikuwa na moto mzuri sana, ulikuwa ukitoka nje ya mlango! Mizani tu. Akikataa kuandika hivyo, mwacheni aende hata kama Ramadhani iko mlangoni. Pikieni mawe matatu mwaka huu, pesa mtakuwa nazo bado.

Umesema udongo umeshamwagwa uwanjani. Hiyo si hasara, udongo huo utafinyanga matofali. Pima mdomo wa sufuria na kimo chake leo, uweke vipimo hapa, na umwambie mwenyekiti wa kamati awaite wanaopika wakae kwenye kikao chenu cha Ijumaa.