Freni ya mkono ikipanda juu, usikimbilie kukaza waya

Nilisimamisha Corolla yangu kwenye mpando karibu na soko la Kadutu hapa Bukavu, pua ikiangalia juu. Nikavuta freni ya mkono mpaka ikakataa kupanda zaidi, nikazima, nikashuka kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nilikuwa bado naangalia kopo likijazwa, mama muuzaji akapiga kelele: "Papa, gari yako inaenda!"

Lilikuwa linarudi nyuma polepole, bila sauti yoyote. Kijana mmoja aliwahi jiwe akalisukuma nyuma ya tairi, gari likasimama baada ya kupindua beseni la nyanya. Nyanya nililipa siku ileile. Lakini hatua sita chini ya lile beseni alikuwa amekaa bibi na ndizi zake, ameupa mlima mgongo. Mpaka leo nikivuta freni ya mkono namkumbuka yeye.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba freni hiyo ilikuwa "imetengenezwa" mara tatu mwaka uleule. Kila mkono ulipoanza kupanda juu nilikwenda gereji, fundi akafungua kifuniko katikati ya viti, akakaza nati ya waya, dakika tano tumemaliza. Baada ya wiki chache umepanda tena. Hakuna aliyefungua tairi, na mimi sikudai lifunguliwe. Ndiyo maana naandika haya kwa ajili ya ndugu zangu wa Bukavu, maana mji wetu hauna barabara tambarare za kutosha kumsamehe mtu.

Gari nyingi za Japani tunazoendesha hapa zina tamburi nyuma: bakuli la chuma, na ndani yake garnitiri mbili, yaani vipande vya kushikia freni, zilizopinda kama mwezi mchanga. Ukivuta mkono, waya unazitanua zigandamane na ukuta wa bakuli. Garnitiri zikilika, nafasi inaongezeka, na mkono unapanda zaidi kabla ya kushika. Mle ndani mna pia kigurudumu kidogo chenye meno, ambacho kazi yake ni kuzisogeza garnitiri kadiri zinavyolika. Kwa vumbi letu la kiangazi na tope la mvua, kigurudumu hicho huganda. Kwa hiyo marekebisho ya kweli huanzia ndani ya tamburi, waya unafuata mwishoni. Ukianza na waya, garnitiri zinabaki zimevutwa kidogo hata mkono ukiwa chini kabisa. Zinasugua njia nzima, zinapata moto, na kile kigurudumu hakiwezi tena kujirekebisha kwa sababu wenzo wa ndani haurudi mahali pake.

Utajuaje basi kama gari lako linahitaji kurekebishwa tu au kutengenezwa? Anza na masikio. Vuta mkono taratibu uhesabu milio: tak, tak, tak. Magari mengi yanatakiwa kuwa yameshika kati ya mlio wa 5 na wa 8, ingawa kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Ukifika 10 au 11 lakini gari limeshika vizuri, huenda ni marekebisho tu. Ukifika mwisho na bado gari linateleza, hiyo si kazi ya kukaza. Mkono ukishuka wenyewe kwa mlio wa krrr, meno yake yamekwisha. Na ukiwa mlegevu kabisa, kama haujafungwa kwenye kitu, waya umekatika au umechomoka.

Kisha pandisha magurudumu ya nyuma. Fanya hivi mahali tambarare, mawe mbele na nyuma ya matairi ya mbele, na gari likae juu ya vigingi vya chuma vya kubebea gari, si juu ya jeki peke yake. Kama injini yako inasukuma magurudumu ya nyuma, itabidi gia iwe huru ili yazunguke, kwa hiyo mawe hayo ndiyo yanayokushikilia. Vuta mlio mmoja, zungusha tairi la kushoto, halafu la kulia. Vuta mwingine, zungusha tena. Yote mawili yanatakiwa kuanza kuwa mazito pamoja. Kwangu la kushoto lilishika, la kulia likaendelea kuzunguka kana kwamba sijagusa kitu.

Nilimpelekea mzee mmoja fundi wa Nyawera, nikamwomba afungue tamburi zote mbili mbele yangu. Ya kulia ilipotoka tuliona jibu kabla hajasema neno: garnitiri zilikuwa nyeusi, zinang'aa, zimelowa. Silinda ndogo ya gurudumu ilikuwa inavuja mafuta ya freni. Mzee alipitisha kidole juu ya garnitiri, akanionyesha. "Hata ukaze waya mpaka ukatike, mwanangu, hii haishiki." Garnitiri iliyolowa mafuta usiiruhusu ioshwe kwa petroli na kurudishwa, itabadilishwa, pande zote mbili, baada ya mvujo wenyewe kuzibwa.

Kuna ugonjwa wa pili ambao watu wanauchanganya na huo. Waya unapita ndani ya ganda, ganda likipasuka maji yanaingia, kutu inakula. Hapo unavuta mkono, ukiushusha tairi linabaki limeshikwa. Dalili ni gari zito, na harufu ya kuungua ukishafika. Nenda kilomita chache, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu ya nyuma bila kugusa chuma: upande mmoja ukiwa na joto kali kuliko mwingine, kuna kitu kinasugua. Waya ulioshika kutu badilisha. Kuumwagia mafuta kunakupa siku chache tu.

Taa nyekundu ya freni ikibaki inawaka wakati mkono uko chini, tazama kwanza kikopo cha mafuta ya freni. Yakiwa yamepungua, huenda plaketi, vile vipande vinavyobana diski za freni, zimelika au kuna mahali panavuja, na hilo linagusa freni ya mguu pia. Usiendeshe hivyo kushuka mteremko wa Panzi.

Wenye otomatiki nawaomba jambo moja. Kile kipini cha P (gia ya kupaki) ndani ya gia ni kidogo, msikibebeshe uzito wote wa gari mlimani. Kanyaga freni, weka gia huru, vuta mkono, achia mguu ili gari liegemee kwenye freni ya mkono, ndipo uweke P. Ukipaki ukiangalia chini, geuza matairi ya mbele kuelekea ukingo wa barabara.

Mkono wangu sasa unashika kwenye mlio wa 6, na kila mwezi nauhesabu upya. Jiwe lile la Kadutu kijana alinipa, liko ndani ya buti. Nikipaki mlimani naliweka nyuma ya tairi, na nikiondoka naliokota, kwa sababu motari, mwendesha pikipiki, anayeshuka usiku hawezi kuliona.